Soma kitabu chenyewe, Bupe

Tukuyu, Jumatano jioni

Mwanangu Bupe,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Hatujambo, ila Bibi kifua kinamsumbua na hii baridi, ingawa anakula vizuri. Tranka lako atalileta Lusajo hapo kwa shangazi yako Uyole Jumamosi, na barua hii nimeiweka juu ya nguo ili uikute kabla hujaanza kupangua vitu.

Ujumbe wako wa Jumapili bado ninao kichwani. Umesema dada mmoja aliyemaliza huko Tabora, unakokwenda kuanza kidato cha tano, amekwambia vitabu vya fasihi hakuna anayevisoma, kwamba uchambuzi wa vitabu vyote upo kwenye simu, kurasa chache tu, na wanaoukariri ndio wanaofaulu. Ukaweka na kicheko. Baba yako aliona ni habari njema, tranka litakuwa jepesi. Mimi usingizi ulinipaa.

Matokeo yako ya kidato cha nne najivunia, na hilo ulijue. Divisheni wani, Kiswahili A. Mwezi ule hakuna mteja aliyekuja kupimwa gauni ambaye sikumwambia. Lakini nilipokuuliza kwa nini Sekai wa kile kitabu cha Takadini alitoroka na mwanawe, ulinijibu kwamba dhamira ni mila potofu. Nikakuuliza tena, huyo mama alikuwa anaogopa nini? Ukasema hilo haliulizwi kwenye mtihani. Bupe, yule ni mwanamke aliyezaa mtoto mwenye ualbino mahali ambapo mtoto wa namna hiyo haachwi aishi, akaona afadhali aiache ndoa yake na kijiji chake kuliko kumtoa mwanawe. Ben Hanson aliandika kitabu kizima ili uende na huyo mama njia yote. Wewe umerudi na maneno mawili, tena ya mtu mwingine.

Kwa hiyo nakuomba, soma kitabu chenyewe. Nitalirudia hili mpaka ulichoke.

Ndani ya tranka, chini ya shuka la bluu, kuna vitabu vinne. Cha kwanza ni Vuta n'kuvute cha Adam Shafi. Kimekuwa miongoni mwa vitabu teule vya kidato cha tano na sita kwa muda mrefu, lakini hata kisingekuwemo ningekupa. Ni cha 1999, ila habari zake ni za Unguja enzi za Mwingereza. Kuna Yasmin, msichana mdogo wa Kihindi anayeozwa kwa Raza, mwanamume wa umri wa baba yake. Anamkimbia, na kwao wanamfungia mlango. Uchambuzi utakuorodheshea: nafasi ya mwanamke, matabaka, ukombozi. Sawa, yote yamo. Lakini mtazame Mwajuma wa mtaa wa Ng'ambo anavyompokea Yasmin. Fedha hana, na bado anamkaribisha asiye na pa kwenda. Mimi pale niliuacha mguu wa cherehani, gauni la watu likabaki nusu, nikasoma mpaka nikamaliza sura. Nataka ufike hapo mwenyewe. Na usinijibu kwamba kuna filamu. Najua ipo, Amil Shivji aliitoa 2021. Itazame ukimaliza kusoma.

Ukikipenda, kinachofuata ni Kuli, cha Shafi huyohuyo, habari za makuli wa bandari ya Unguja na mgomo wao wa 1948. Sinacho. Uliza maktaba ya shule, na siku ya kutoka uliza maktaba ya mkoa. Ukiwa na Historia na Kiswahili kwenye tahasusi moja, kitabu kile kitakufaa pande zote mbili.

Cha pili ni Rosa Mistika cha Kezilahabi. Hiki kilikaa juu ya kabati langu tangu ulipokuwa kidato cha pili. Nimekishusha. Kilipotoka 1971 kilizua kelele, kikazuiwa mashuleni, kwa sababu Kezilahabi hakuficha yanayompata msichana anayetoka nyumbani kwenda shule ya mbali. Rosa ana baba mlevi na mkali, Zakaria, anayedhani fimbo inatosha kuwa malezi. Barua moja ya mvulana, na mtoto anapigwa vibaya. Watu wengi husoma wakamlaumu Rosa. Mimi nilimkasirikia Zakaria mwanzo hadi mwisho, na mama yake nikamkasirikia pia, kwa kunyamaza. Wewe utaona lako. Ndiyo maana sitaki mchambuzi akutangulie na kukwambia Rosa alikosa nini. Soma, kisha uniandikie, na ukiwa na swali lolote la kike uliulize humohumo. Sitashtuka.

Cha tatu ni chembamba, Juliasi Kaizari, tamthiliya ya Shakespeare katika tafsiri ya Mwalimu Nyerere. Huko unakokwenda ndiko alikosoma sekondari, na ndiko alikorudi kufundisha kabla ya siasa. Tafsiri yake ya kwanza ilitoka 1963, nchi ina miaka miwili ya uhuru na yeye ana kazi zote zile mezani, na bado alipata muda wa kukaa na Shakespeare mstari kwa mstari. Kiingereza chako kinayumba, mwalimu wako alikuandikia hivyo kwenye ripoti, tusidanganyane. Basi azima kile cha Kiingereza, viweke viwili sambamba, soma hotuba ya Antonio juu ya maiti ya Kaizari kwa sauti, huku kisha huku. Utajifunza zaidi ya kukariri orodha ya misamiati.

Cha nne ni Peponi cha Abdulrazak Gurnah, yule wa Zanzibar aliyepewa Nobeli 2021. Aliandika kwa Kiingereza, na Ida Hadjivayanis akakileta kwa Kiswahili mwaka uliofuata. Hiki namsomea Bibi jioni, maana macho yake hayaoni tena maandishi. Kijana Yusuf anachukuliwa na tajiri Aziz kwa sababu baba yake ana deni, naye hajaelezwa kwamba yeye ndiye rehani. Tulipofika hapo Bibi akanishika mkono nisigeuze ukurasa. Akauliza, "Na mama yake alisema nini?" Nikarudi nyuma kumtafutia. Tangu siku hiyo kila nikifungua kitabu anaanza na swali moja, mtoto amesharudi kwao? Bibi hakupita hata darasa la nne, na maswali yake yanaingia ndani ya kitabu kuliko uchambuzi wowote niliouona kwenye simu yako. Hatujamaliza, kwa hiyo hiki nakukopesha mpaka likizo ya Desemba tu. Bibi amekubali kwa shingo upande. Ukikikunja ukurasa wowote, nitakuuliza.

Najua utasema muda hautoshi. Masomo ni matatu na zaidi, kuna zamu za usafi, kuna maandalio ya usiku. Kurasa kumi kabla ya kengele ya kulala zinatosha. Mara ya kwanza soma bila kalamu, kama unavyosikiliza umbea. Mara ya pili ndipo ushike daftari, uandike nani alifanya nini, wapi, na maneno yaliyokuchoma. Baada ya hapo, ukitaka uchambuzi, usome, uupinge pale uchambuzi huo unapokosea. Maana nao huwa unakosea, nimeona mmoja unachanganya majina ya wahusika. Swali la mtihani likitaka hoja kutoka vitabu viwili, aliyekariri atatoa mfano uleule wa darasa zima, na wewe utakuwa na wako. Lakini hata mtihani usingekuwepo, Bupe. Ningekuambia hivihivi.

Mengine ni ya nyumbani. Ng'ombe mwekundu amezaa, dume. Baba yako ameliwekea jembe lako mpini mpya kama fomu ya kujiunga inavyodai, na fagio, ndoo na rimu ya karatasi vyote vipo. Ada ya kidato cha tano serikali iliifuta 2022, tunashukuru, ila godoro, michango na nauli ndivyo vimetukaba, kwa sababu aliyechukua maparachichi yetu bado hajalipa. Usiwe na wasiwasi, nina sare za kwaya za kushona na wamenipa nusu ya fedha. Nauli yako anayo shangazi. Basi la Tabora linapitia Chunya na Rungwa, ni safari ndefu ya vumbi, funga kichwa kitambaa na usinunue nyama za njiani. Sweta vaa la kutokea huku tu, kule joto litakukuta, ndiyo maana sikukuwekea la pili. Usilalamike kwamba nimepunguza nguo nikaweka vitabu. Nguo za shule zote zimo.

Jina lako nimelishona kwa uzi mwekundu ndani ya kola za mashati na kwenye pindo la shuka. Vitabu nimeviandika ndani ya jalada. Ukiazimisha, andika nani amechukua na lini, hasa kile cha Bibi.

Simu hamruhusiwi, kwa hiyo utaandika. Katika barua yako ya kwanza usianze na chakula cha bweni wala walimu. Niambie umefika ukurasa wa ngapi wa Vuta n'kuvute na umempenda nani, umemchukia nani, kwa nini. Ukiniandikia "dhamira" nitairudisha.

Lusajo anataka kurudi siku hiyohiyo, msimcheleweshe. Mwambie shangazi yako ampe lile sufuria kubwa tulilomwazima, Jumapili ijayo tuna wageni wa kanisani na la hapa limetoboka.

Mama yako