Barua kwa Mwanangu Karani wa Mizani

Mwanangu mpendwa,

Nimeupata ujumbe wako wa jana usiku. Bosi wako ghalani anataka kila gunia la korosho ulipunguze kilo mbili kabla hujaandika, na ukikataa utaitwa mkaidi. Kisha ukaniuliza, "Baba, si wewe uliyenifundisha kutii?"

Ni mimi. Swali lako limeninyima usingizi, maana kuna jambo sijawahi kukusimulia.

Kabla hujazaliwa nami nilikuwa karani wa mizani, hukuhuku Masasi. Siku moja alikuja bibi mmoja, gunia lake juu ya baiskeli, mjukuu akiisukuma. Mshale ulisimama kwenye 43. Nikaandika 41, kama nilivyoagizwa. Bibi hakujua kusoma. Akaniuliza, "Ngapi, baba?" Nikamtajia 41, naye akanishukuru. Jioni mkubwa wangu alinishika bega mbele ya wenzangu akasema, "Kijana huyu mtiifu." Kweli nilikuwa mtiifu. Mwadilifu sikuwa.

Tangu siku ile sijayachanganya tena maneno hayo. Mtiifu huuliza amri imetoka kwa nani. Mwadilifu huuliza bibi huyu anastahili kilo ngapi. Hata neno adili, huko kwenye Kiarabu lilikotoka, lina maana ya kuweka sawa, kama mizani. Mara nyingi utii na uadilifu huongozana, ndiyo maana ulipokuwa mdogo nilikuita mtoto mwema kila ulipoitika "abee" upesi. Hapo nilikosea, mwanangu. Nilikusifia wepesi wa kuitika tu.

Fungua Biblia, kitabu cha Kutoka, sura ya 1. Farao aliwaamuru wazalisha wawili, Shifra na Pua, wawaue watoto wa kiume wa Waebrania pale pale wanapozaliwa. Walimcha Mungu, wakawaacha watoto hai. Jina la mfalme yule halikuandikwa pale. Yao yapo.

Usimjibu bosi wako kwa jeuri. Mwambie kwa adabu, "Samahani mzee, nitaandika kilichosomeka." Kama korosho zina unyevu, zipimwe mkulima akiwapo, aone kwa macho yake.

Wakikuondoa, rudi nyumbani. Chumba chako mama yako ameshakifagia, na mikorosho imezaa mwaka huu. Mikono ya kuokota haitoshi.

Baba yako