Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: hukumu iliyosimamishwa, daftari letu na mambo mengine ya soko

Ndugu wanachama, wazee wetu wa soko, mama lishe, vijana wa mizigo na wageni waalikwa: Asalaam aleikum. Bwana asifiwe. Tumsifu Yesu Kristo.

Mwaka jana, kwenye ukumbi huu huu, nilisimama nikasema, "Tumeshinda, jiandaeni." Leo naanza kwa kulifuta hilo neno la pili. La kwanza linabaki, kwa maana kweli tulishinda kesi yetu ya vibanda dhidi ya halmashauri. Lakini kuwaambia watu wajiandae kupokea fedha lilikuwa kosa langu, na najua limewagharimu baadhi yenu. Wapo waliochukua mikopo ya kausha damu wakitegemea fidia ingeingia kabla shule hazijafunguliwa Januari. Mama mmoja wa upande wa ndizi aliniambia usoni kwamba nilipiga vigelegele kabla mahari haijapokelewa. Sikuwa na la kumjibu, na leo pia sina.

Nieleze basi kilichotokea, kwa sababu sokoni yanasemwa mengi. Wengine wanasema halmashauri imeshinda. Wengine wanasema kamati imekula.

Mahakama Kuu ilikubali kwamba vibanda vyetu vilivunjwa bila notisi ya kutosha. Ikaamuru mambo mawili. Kwanza, tulipwe fidia, pamoja na riba ya asilimia 7 kwa mwaka kuanzia siku ya hukumu mpaka siku ya malipo. Pili, halmashauri isimgawie mtu mwingine eneo la vibanda vile mpaka itukalishe mezani na kutusikiliza. Naomba mlishike hilo la pili, nitalirudia.

Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2020, huwezi kuishtaki halmashauri peke yake. Lazima Mwanasheria Mkuu wa Serikali aunganishwe kwenye kesi, na kabla ya hapo unatoa notisi ya siku 90. Ndiyo maana mahakamani hatukupambana na yule mwanasheria wa halmashauri tunayenunuliana naye chai, bali na mawakili kutoka Ofisi ya Wakili Mkuu wa Serikali. Nalisema hili kwa ajili ya wale waliokuwa wakininong'oneza kwamba "tukimwona yule kijana" mambo yataisha.

Ndani ya siku 30 baada ya hukumu, wenzetu wa halmashauri waliwasilisha notisi ya rufani. Sokoni ikavuma kwamba hukumu imekufa. Haikufa. Wakili wetu alitueleza kwamba kukata rufani peke yake hakusimamishi chochote. Aliyeshinda anaweza kuendelea kuomba hukumu ikaziwe, yaani itekelezwe, kana kwamba hakuna rufani. Tukaomba kukazia hukumu. Walipopelekewa notisi ya ukazaji huo, ndipo saa ikaanza kuwahesabia: Kanuni ya 11 ya Kanuni za Mahakama ya Rufani za mwaka 2009 inampa mtu siku 14 tu za kwenda kuomba utekelezaji usimamishwe. Nakiri niliomba dua walale usingizi. Hawakulala. Siku ya kumi na moja wakili alinipigia kuniambia maombi yameingia, tena kwa hati ya dharura.

Hapa niseme kuhusu shangingi la mkurugenzi, kwa sababu hakuna swali nililoulizwa mara nyingi kama hilo. Kwa nini dalali wa mahakama asilikamate, likapigwa mnada pale stendi, tukagawana? Ndugu zangu, hata mimi ningependa kuiona siku hiyo. Lakini Sheria ya Mashauri Dhidi ya Serikali, Sura ya 5, hairuhusu mali ya Serikali kukamatwa ili kulipa deni la hukumu, na kwa marekebisho yale yale ya 2020, halmashauri nazo zimo ndani ya neno "Serikali". Anachopata aliyeshinda ni hati ya mahakama inayotaja kiasi anachodai. Hati hiyo inapelekwa, na Serikali inapaswa kulipa. Gari haliguswi, wala meza, wala akaunti ya benki.

Jirani yangu wa mitumba akauliza jambo la akili: kama hawakamatiwi kitu, kwa nini wahangaike kwenda Mahakama ya Rufani? Jibu ni kwamba amri ya mahakama ni amri hata kama haina dalali nyuma yake. Ofisa anayekaa na hati ile bila kulipa anahitaji kuwa na karatasi nyingine ya kumkinga. Karatasi hiyo ndiyo waliyoiendea.

Maombi yalisikilizwa mbele ya majaji watatu, Mahakama ya Rufani ilipoketi Mbeya. Tulikwenda watano wa kamati, kwa nauli zetu. Anayeomba hukumu isimamishwe anatakiwa aonyeshe mambo mawili: kwamba atapata hasara kubwa ukazaji ukiendelea, na kwamba ametoa dhamana ya kuitekeleza hukumu iwapo rufani yake itashindwa.

Kwenye hasara, walisema sisi ni wachuuzi wadogo, tuko wengi, fedha zikishagawanywa kwetu hazitarudi hata rufani ikifaulu. Iliniuma kusikia hivyo nikiwa nimekaa kwenye benchi na koti langu la harusi. Lakini nikiwatazama hapa, na nikijitazama mwenyewe, nani kati yetu angezirudisha? Zingekuwa zimeshakuwa ada, mabati na mtaji wa viazi.

Kwenye dhamana ndipo wakili wetu alipokaza kamba. Mkurugenzi alikuwa ameapa kwenye hati ya kiapo kwamba halmashauri italipa ikishindwa, basi, bila fedha yoyote kuwekwa mahali. (Hati yenyewe ililetwa kwa Kiingereza, ingawa sheria ya mwaka 2021 ilishakifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama. Katibu wetu alitutafsiria kule nje chini ya mwembe, na nadhani alifanya vizuri kuliko aliyeiandika.) Wakili alisema ahadi si dhamana. Tatizo ni kwamba Mahakama ya Rufani ilishaamua zamani, kwenye shauri la Mantrac Tanzania dhidi ya Raymond Costa, kwamba dhamana si lazima iwe imeshatolewa siku ya maombi. Ahadi thabiti ya kuitoa inatosha, ilimradi mahakama ipange muda wa kuitimiza. Mimi si mwanasheria, lakini naona mizani hapo imeinama. Mtu anayedaiwa na benki akiahidi tu, benki inamcheka.

Mahakama ikakubali maombi yao. Malipo ya fidia yamesimamishwa mpaka rufani isikilizwe na kuamuliwa.

Sasa turudi kwenye lile jambo la pili nililowaomba mlishike. Katika maombi yao waliomba malipo yasimamishwe. Amri ya kutogawa eneo hawakuigusa, iwe walisahau au waliona haina uzito, sijui. Kwa hiyo amri hiyo inaishi mpaka leo. Mwezi uliofuata, walipokuja watu na kamba na vigingi kupima lile eneo, vijana wetu hawakurusha jiwe hata moja. Mzee wetu wa mchele alitoa nakala ya tuzo, yaani hati ya amri za hukumu, iliyogongwa muhuri, akamkabidhi aliyekuwa anaongoza upimaji, akamwomba aisome kwa sauti. Wakakunja kamba zao wakaondoka. Kwangu mimi hiyo ndiyo siku kubwa ya mwaka mzima, kuliko hata siku ya hukumu.

Mengine mnayopaswa kujua ni haya. Zuio lile la malipo yetu linaishi kwa pumzi ya rufani. Wenzetu wana siku 60 tangu notisi ya rufani kuileta rufani yenyewe, ingawa siku walizosubiri nakala za mwenendo wa kesi zinaondolewa kwenye hesabu, ikiwa waliziomba kwa barua ndani ya muda nasi tukapewa nakala ya barua hiyo. Barua tuliipata, ipo kwenye faili. Wakili anahesabu siku. Wakizembea, tutaomba notisi yao iondolewe mahakamani, na ikiondoka, zuio nalo halina pa kusimama. Wakati huo huo riba haijalala: kwa kila shilingi milioni moja unayodai, ni 70,000 kwa mwaka. Endapo rufani yao itafaulu, hata hivyo, hakuna fidia wala riba. Mwaka jana sikuwaambia sentensi kama hiyo, nilipaswa kuwaambia.

Kuna watu wanapita sokoni, hasa jioni, wakinunua stahili za wanachama. Wanakupa laki mbili taslimu, unasaini karatasi kwamba fidia yako ni yao. Siwezi kumzuia mtu mzima mwenye mgonjwa nyumbani. Ninachoomba ni kwamba kabla hujasaini uje ofisini, hata usiku, tusome wote hiyo karatasi. Tayari watu wawili wamesaini karatasi ambazo ndani yake wameahidi pia vibanda vyao vipya.

Halafu kuna wenzetu wanne waliofariki kesi ikiendelea. Mungu awalaze pema. Familia zao zinadhani mwenyekiti atawapa fedha mkononi zikitoka. Siwezi. Lazima ukoo ukae, ipelekwe Mahakama ya Mwanzo, ateuliwe msimamizi wa mirathi, naye ndiye atakayepokea. Familia mbili zimeshafanya. Hizo mbili nyingine, zipo ndugu humu ndani, tafadhali tuonane tukimaliza.

Tumepata pia dokezo kwamba wenzetu wa halmashauri wangependa tuzungumze nje ya mahakama: walipe pungufu, sisi tuachane na iliyobaki. Hakuna kiasi kilichotajwa, wala barua. Kamati imejibu kwamba ije barua kutoka kwa wenye mamlaka ya kuisaini, tuilete hapa, mpige kura. Mimi binafsi sioni aibu kupunguza kidogo kwa malipo ya sasa. Najua wengi wenu hamtaki kusikia hivyo. Tutabishana barua ikifika.

Kuhusu mengine ya mwaka: choo cha upande wa juu kimekamilika, funguo ziko kwa mama lishe wa kibanda cha kwanza. Taka bado ni tatizo, sina jipya la kusema. Michango ya kesi, shilingi 5,000 kwa mwezi, imeshuka tangu zuio lilipotolewa, na naelewa kwa nini. Lakini wakili wa rufani halipwi kwa hasira zetu.

La mwisho ni daftari. Orodha iliyoko mahakamani ndiyo itakayolipwa, si sura zetu. Tumelinganisha majina na vitambulisho vya NIDA, tukakuta kumi na saba hayafanani. Kuna mwanachama aliyeandikwa "Baba Tausi" na mwingine "Mangi". Orodha iko mezani kwa katibu, pale mlangoni. Mwenye kosa alete kitambulisho leo, ili wakili aandae marekebisho kabla ya kikao kijacho.

Namkaribisha mweka hazina asome hesabu.