Binti yangu amesema nikiletwa wodini, atanishika daktari mwingine

Shangazi, shikamoo.

Ni saa tisa usiku, nimekaa jikoni, na maneno ya binti yangu kuhusu pikipiki niliyonunua hayataki kunitoka kichwani. Ni daktari aliye kwenye mafunzo, intani, wodi ya mifupa, na wewe unazijua wodi hizo, vijana wa bodaboda wamejaa. Jumapili tulikuwa mezani, shemeji zangu wapo, akasema bila hata kuniangalia: "Baba, ukiletwa zamu yangu, nitaomba daktari mwingine akushike." Kisha akaendelea kuchota wali.

Hakuniuliza swali hata moja. Hilo ndilo linaloniuma. Mgonjwa akiingia wodini anamuuliza maswali ishirini kabla hajamgusa, lakini mimi baba yake nimehukumiwa bila kuulizwa.

Angeniuliza matairi, kwa mfano. Pikipiki iliyokaa muda mrefu inaweza kuwa na tairi lenye meno mazuri kabisa na bado tairi hilo limekufa, kwa sababu mpira unakauka hata bila kutembea. Ubavuni kuna tarakimu nne, mbili za mwanzo ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. La nyuma liliandikwa 2316, yaani wiki ya 23 ya mwaka 2016. Meno yamejaa, lakini ukimulika tochi kwenye mikunjo unaona nyufa nyembamba kama nywele. Niliyatoa yote mawili kabla sijatembea hata kilomita moja, nikafunga mapya, 120/70 mbele na 180/55 nyuma, rimu za 17. Upepo napima asubuhi tairi likiwa baridi, psi 39 mbele na 42 nyuma, kwa kipimo changu mwenyewe, maana vya sheli siviamini. Mtu anayetafuta kifo hapimi upepo, Shangazi.

Wao wakisikia pikipiki wanaona bodaboda, au zile za mashindano ambazo mtu analalia tangi. Hii ni Yamaha FJR1300 ya mwaka 2014. Ni ya safari. Unakaa wima, ina kioo cha mbele kinachopanda na kushuka kwa swichi, masanduku pembeni, tangi la lita 25, breki za ABS zisizofunga tairi ghafla. Haina cheni, ina shafti, yaani chuma kinachozungusha tairi la nyuma, na hilo nililichagua makusudi. Vumbi letu linakula cheni, na cheni ikikatika ukiwa kwenye mwendo inaweza kupasua injini au kulikwamisha tairi la nyuma. Shafti inataka oili yake lita 0.2 tu, na jicho la kuangalia kama sili haivuji.

Mafuta ya breki nayo. Watu wengi wanaorudi barabarani wanayasahau, wanaona breki inashika wanaridhika. Mafuta hayo, aina ya DOT 4, yananyonya unyevu wa hewa hata chombo kikiwa kimesimama gereji. Ukiwa mjini hutaona tofauti. Siku unateremka mlima Kitonga na mzigo, breki zimepata moto, ule unyevu unachemka, unageuka mvuke ndani ya mpira wa breki, na mkono wa breki unakuja mpaka kwenye hendeli bila kushika kitu. Yaliyotoka kwenye hii yangu yalikuwa na rangi ya chai ya rangi. Nilimwaga mbele, nyuma na kwenye klachi, maana klachi yake nayo inatumia mafuta hayo hayo, nikajaza mapya kidogo kidogo mpaka yakatoka safi bila povu. Kila baada ya miaka miwili nitarudia. Petroli ya zamani niliitoa yote, ina kawaida ya kuganda kama gundi kwenye nozeli zinazopulizia petroli injini. Betri inasoma volti 12.8 ikiwa imepumzika, na 14.2 injini ikinguruma. Vyote nimeviandika kwenye daftari. Daftari liko hapa mezani. Hakulifungua.

Na nguo pia. Kofia ngumu mpya, si ya kuazima, koti lenye kinga za mabega, viwiko na mgongo, glavu, buti zinazofunika vifundo. Sipandi usiku. Natoka Kimara Jumapili kabla jua halijachomoza, malori bado machache, nafika Chalinze, nakunywa chai, narudi. Vijijini 50 ni 50. Nyuma ya basi sikai, kwa sababu dereva wake hakuoni, na upepo anaouacha unakusukuma ukitoka kumpita. Ukingo wa lami siukanyagi, una mchanga.

Mama yake anasema nimemwelewa vibaya. Anasema madaktari hawapendi kuwashika ndugu zao, mkono unatetemeka. Basi angesema mkono utatetemeka. Alisema ataomba mwingine.

Nilikuwa na pikipiki nyepesi, DT 125, kabla hajazaliwa. Haikufika hata kilo 130, lakini ilinifikisha Iringa na kunirudisha. Niliiuza wiki ile mama yake alipojifungua. Hakuna aliyeniambia niiuze. Miaka 26 sikugusa pikipiki, na hilo hajawahi kuambiwa, wala sitaki aambiwe kama deni. Nakwambia wewe tu. Sasa ada zimekwisha, yeye amemaliza, nimenunua kwa hela yangu, leseni yangu daraja A iko hai. Nahitaji ruhusa ya nani?

Kuna jambo lingine, na si kubwa. Jumapili hiyo hiyo asubuhi, kabla ya hicho chakula, pikipiki iliniangukia. Si barabarani, si kwenye mwendo. Ilikuwa sheli ya Mlandizi, nimetoka kujaza tangi, nageuza kushoto kutoka. Sababu naijua, naweza kukuchorea. Pikipiki hii ikiwa imejaa ina kilo 289, na petroli ya lita 25 peke yake ni kilo 18 na zaidi, zote ziko juu. Mwendo wa mtu anayetembea, hendeli imekunjwa mpaka mwisho, nikashtuka na bajaji, nikagusa breki ya mbele. Ukigusa breki ya mbele hendeli ikiwa imekunjwa, uzito wote unaangukia upande uliokunja, na zaidi ya pale kidogo tu hakuna mguu wa binadamu unaoweza kuuzuia. Mguu wangu nao ulitua kwenye mchanga juu ya zege. DT ningeidaka. Mikono yangu ilikumbuka DT.

Njia sahihi ni kunyoosha hendeli kwanza ndipo usimame. Ukitaka kukunja kona ya polepole, unaiacha klachi ishike nusu, gesi kidogo isiyobadilika, unakanyaga breki ya nyuma kwa ulaini, macho yanatazama unakokwenda, si chini. Na ulaini huo una sababu: kwenye hii pikipiki ukikanyaga ya nyuma kwa nguvu, sehemu ya breki ya mbele nayo inashika. Haya yote niliyajua kabla ya Mlandizi. Niliyasoma, niliyaandika kwenye daftari.

Kuinyanyua pia najua. Unazima swichi, unaacha gia ya kwanza ili isiserereke, unageuza hendeli ielekee ardhini, unaipa mgongo kiti, unachuchumaa, mkono mmoja kwenye hendeli mwingine kwenye chuma cha nyuma, unasukuma kwa miguu kwa hatua fupi. Ikiwa imelala kulia unatoa stendi kwanza. Hii ililala kushoto, kwa hiyo kazi ni kuidhibiti isipitilize upande wa pili. Nilijaribu mara mbili ikashindikana. Vijana wawili wa bodaboda wakashuka, wakainyanyua, mmoja akanishika kiwiko akasema, "Pole mzee, pumzika kwanza." Nilipumzika. Magoti yalikuwa yanacheza, na hayakuwa magoti ya mtu aliyechoka.

Kilichoharibika ni mkono wa klachi, umekatika katikati, na mkwaruzo kwenye sanduku. Hakuna kilichovuja. Nilirudi nyumbani nikishika klachi kwa vidole viwili kwenye kipande kilichobaki. Nimeiegesha ubavu wa kushoto ukielekea ukutani. Nilikuwa sijaoga bado tulipokaa kula, na sentensi ile ikanikuta hivyo.

Huwa najiuliza kama aliona kiganja changu. Ni daktari. Kilikuwa kimevimba, na nilikuwa nakula kwa mkono huo.

Sijawahi kumficha mtoto huyu kitu, Shangazi, na sasa hivi sifichi, sijaulizwa tu. Mkono mpya wa klachi unafika Alhamisi. Kuufunga ni boliti moja na nati yake, unapaka grisi kidogo, unahakikisha kile kijichuma kinachosukuma pistoni kimekaa kwenye tundu lake, dakika kumi. Mkwaruzo fundi wa rangi atauondoa. Ijumaa pikipiki itakuwa kama haijaanguka. Nimeshika kile kipande kilichokatika hapa mkononi tangu saa sita, nakiweka mezani juu ya daftari, nakirudisha mfukoni. Yeye anatoka zamu ya usiku saa mbili asubuhi na huwa anapitia jikoni. Nikiache?

Usiniambie niuze. Tangazo la kuuza nimeliandika mara mbili usiku huu na kulifuta, kwa hiyo najua linavyosomeka. Usiniambie pia niendelee kama kawaida, kwa sababu tangu Jumapili nimeiwasha mara tatu na mara zote nimeizima bila kuitoa getini, na sababu si klachi.

Nataka tu aniulize. Akiniuliza nitamjibu yote, mpaka la Mlandizi. Sasa mtoto ataulizaje kitu ambacho hajui kipo?

Nijibu kabla ya Alhamisi kama unaweza.

Mimi baba yake,
Kimara, Dar es Salaam