Barua ya wazi kwa mdogo wangu, mpiga picha

Mdogo wangu,

Mama ameniambia kwamba umepewa kazi ya kupiga picha za vinyago vya jumba la makumbusho, nami nimefurahi kwa dhati, ingawa tangu matanga ya shangazi hatujasemezana. Nakuandikia hadharani kwa sababu simu zangu hupokei.

Ile picha ya kichwa cha Patroclus, shujaa wa hadithi za Kigiriki, uliishusha ukutani mbele ya wazee, ukasema Talbot, yule Mwingereza mwanzilishi wa upigaji picha, alipiga picha sanamu ya plasta kwa kuwa plasta haipepesi macho, na kwamba kuitunza nakala ya nakala ni upuuzi. Kisha ukaiacha sakafuni, kifudifudi, waombolezaji wakiiruka. Hilo sijalisahau, wala sijaweza kulisamehe.

Ni kweli kwamba sanamu zilimfaa kwa kuwa hazitikisiki, maana kamera za siku zile zilihitaji muda mrefu ili picha ishike. Lakini katika The Pencil of Nature, kitabu alichokitoa kwa sehemu kati ya 1844 na 1846, Talbot anaeleza kwamba ukiigeuza sanamu kidogo tu sura yake hubadilika kabisa, kwamba siku ya mawingu hulainisha vivuli, na kwamba jua likiwa kali uweke kitambaa cheupe upande wa pili ili kirudishe mwanga. Nani alikushikia shuka jeupe uani, ulipokuwa hujui hata kufungua lenzi? Ulipomdharau Talbot, ulimdharau shangazi yetu, naye alikuwa ndiyo kwanza amezikwa.

Ulisema pia kwamba picha za makumbusho ni orodha ya stoo. Mpiga picha Mwingereza Roger Fenton alipoanza kazi British Museum, jumba la makumbusho la London, mwaka 1854, alijengewa studio ya vioo juu ya paa, kwa sababu bila mwanga wa jua hapakuwa na picha. Kioo chake kilipakwa kolodioni, yaani dawa ya majimaji ya kushikia picha, kikatiwa mwanga na kusafishwa kabla hakijakauka. Akichelewa, kazi yote imeharibika. Tena dawa ile iliona zaidi rangi ya buluu, hivyo marumaru iliyogeuka manjano kwa uzee ilitoka nyeusi kuliko ilivyo. Mtu aliyefanya kazi kwa masharti hayo, akachagua upande gani wa uso uingie kivulini, hakuwa karani wa stoo.

Kwa hiyo nakusihi, kabla hujawasha taa zako mbili zenye nguvu sawa, kizungushe kila kinyago polepole, utafute upande ambao mchongaji aliukusudia. Mwaka 1896 Heinrich Wölfflin, mwanahistoria wa sanaa wa Uswisi, aliwalaumu wapiga picha kwa kosa hilohilo, la kuzipiga picha sanamu kwa pembe yoyote iliyowapendeza. Mimi nilikulaumu kwa sauti ya juu siku ile, mbele ya watu, na mpaka leo naona nilikuwa na haki, kwani hapakuwa na mwingine wa kumtetea shangazi.

Picha ninayo, nimeitia fremu mpya. Ukiihitaji kwa kazi yako, njoo uichukue mwenyewe. Sitaituma kwa mtu.

Dada yako