Nyonga za vichanga zikaguliwe palepale kwenye mizani

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wauguzi wa kliniki za watoto hapa Tabora juu ya watoto wanaozaliwa na nyonga legevu au iliyoteguka, yaani kichwa cha mfupa wa paja hakikai sawasawa kwenye tundu lake.

Mtoto wa wiki sita akiletwa kuchanjwa huvuliwa nguo, akatiwa kwenye kikaptula cha mizani na kuning'inizwa. Uzito unaandikwa kwenye kadi, anachomwa sindano, mama anafunga mbeleko anaondoka. Pale alipokuwa mtupu ilitosha dakika moja kumlaza chali, kumkunja magoti na kuyatanua taratibu. Paja moja likigoma kufunguka kama mwenzake, au goti moja likikaa chini kuliko jingine, nyonga hiyo ina shaka. Kwa kichanga wa siku za kwanza zipo mbinu za Ortolani na Barlow: mkunga husikia kwa vidole kichwa cha mfupa wa paja kikirudi au kikiteleza nje ya tundu lake. Hizo zinataka mkono uliofundishwa.

Najua nitaambiwa huo ni ugonjwa wa Wazungu, sisi tunabeba watoto mgongoni. Kwa sehemu kubwa ni kweli. Mbeleko humtanua mtoto miguu kama chura, na mkao huohuo ndio hospitali za Ulaya wanautafuta kwa mikanda ya Pavlik. Lakini haimkingi kila mtoto. Aliyetanguliza matako, hasa wa kike, hasa kifungua mimba, au mwenye ndugu aliyezaliwa na tatizo hilo, aangaliwe kwa jicho la pekee. Na siku hizi naona vichanga wanaviringishwa blanketi miguu imenyooshwa na kubanwa, eti wasiote matege! Japani walianza kupiga vita ufungaji huo mwaka 1975, na tatizo likapungua sana.

Kichanga mwenyewe haumwi wala halii. Anagundulika akianza kutembea anachechemea, mama akaapa ni sindano ya pajani iliyomharibu, bibi akamtaja jirani. Kabla ya miezi sita, wengi hupona kwa mikanda tu. Akishatembea, mara nyingi ni kisu na plasta ngumu, na kwa mtu wa Kaliua au Sikonge hiyo ni rufaa ya Bugando, Mwanza, au MOI, taasisi ya mifupa ya Muhimbili, Dar es Salaam.

Sidai kila mtoto apigwe ultrasaundi kama Austria. Waganga wakuu wa wilaya waagize nyonga zikaguliwe kabla mzazi hajaruhusiwa kurudi nyumbani na tena wiki ya sita, matokeo yaandikwe kwenye kadi pembeni ya uzito. Waliotanguliza matako ndio wapate hiyo ultrasaundi, hata kama nyonga zinaonekana nzima.

Mkunga mstaafu,
Ipuli, Tabora