Barua kwa Baba Mapasa kuhusu uso wa nyumba yenu ya mjini

Lubumbashi, mwanzoni mwa mwezi wa nane

Mpendwa Baba Mapasa,

Barua yako imenifikia pamoja na zile picha, na nimefurahi sana kusikia kwamba wewe na ndugu zako mmekubaliana kutoiuza nyumba aliyowaachia marehemu baba yenu hapa mjini. Unaniuliza kama mnaweza kuanza kazi ya upande wa mbele mara tu mpangaji mpya atakapotoa pesa, yaani kubomoa barza, ile veranda yenye nguzo, kuweka vioo kutoka chini mpaka juu, na kufunika matofali kwa mabamba ya alumini. Ninakuomba msianze. Ruhusa bado hamna, na hata mkiipata kwa mchoro huo, mtakuwa mmeharibu kitu ambacho kodi ya mpangaji haitaweza kukirudisha.

Kuhusu ruhusa, watu wengi huku kwetu wanadhani kwamba kibali cha kujenga kinamhusu yule anayeanza msingi kwenye lupango, yaani kiwanja, kilicho tupu, na kwamba mwenye nyumba ya zamani anaweza kubadilisha sura yake apendavyo. Sivyo. Kubadilisha umbo la nje la jengo lililopo ni kazi inayoombewa kibali, na ombi linapelekwa kabla ya nyundo ya kwanza. Tayarisheni cheti cha usajili wa lupango, barua iliyotiwa sahihi na warithi wote, picha za nyumba ilivyo sasa, na michoro miwili ya uso wake, mmoja wa hali ya leo na mmoja wa hali mnayoitaka. Pelekeni yote katika ofisi ya mipango miji, mkabaki na nakala iliyopigwa muhuri wa kupokelewa. Yule mtumishi aliyemwambia mdogo wako kwamba mwanzishe tu, karatasi zitafuata, hakuwapa ruhusa yoyote. Siku atakapohamishwa, neno lake litaondoka naye, na nyinyi mtabaki na ukuta uliobomolewa na faini juu yake.

Iko pia ile sheria ya tarehe 15 Machi 1971 juu ya ulinzi wa mali za utamaduni. Jengo likishaorodheshwa chini ya sheria hiyo, haliwezi kubomolewa wala kubadilishwa bila idhini ya wakubwa wanaohusika na utamaduni. Kwa hiyo swali la kwanza la kuuliza ofisini, tena kwa maandishi, ni kama nyumba yenu imo katika orodha hiyo au haimo. Lakini usifikiri kwamba isipokuwamo basi mko huru. Nyumba nyingi za katikati ya miji zinategemea kibali cha kawaida na moyo wa wenyewe, na hapo ndipo mji unapopotea, mlango mmoja mmoja, bila mtu kutangaza kwamba anaubomoa. Urithi wa dunia ulioandikishwa na UNESCO katika Kongo yetu ni mbuga na misitu mitano, Virunga, Garamba, Kahuzi-Biega, Salonga na ile ya okapi. Hakuna mtaa hata mmoja uliomo. Hakuna mgeni atakayekuja kutuchungia barabara zetu.

Huko Charleston, mji wa Marekani uliotunga mwaka 1931 kanuni ya kwanza nchini humo ya kulinda mtaa mzima wa kihistoria, mwenye nyumba anapeleka michoro yake mbele ya bodi kabla ya kugusa upande unaoonekana kutoka barabarani, na mambo ya ndani anaachiwa mwenyewe. Mimi naona mgawanyo huo ni wa haki. Vyumba ni vyenu, pangeni mnavyotaka. Ule uso wa mbele mnautumia pamoja na kila anayepita.

Sasa niseme juu ya nyumba yenyewe, maana nilikwenda kuiangalia. Matofali yake ni yale mekundu yaliyochomwa, na kama nyumba nyingi za hapa, huenda udongo wake ulitoka kwenye vichuguu. Nguzo nne za barza zimesimama sawasawa. Nguzo ya kushoto, ile iliyo karibu na mfereji, iliwahi kupakwa saruji chini, kiasi cha kufikia goti. Niligonga saruji hiyo kwa kidole, ikalia kama debe tupu. Kipande kilichokuwa kimeachia kikaanguka, na nyuma yake tofali lilikuwa limegeuka unga. Ni kwa sababu saruji ni ngumu kuliko tofali na haipitishi unyevu: maji yanayopanda kutoka ardhini yanakosa njia ya kutokea, yanakaa ndani ya tofali na kulimenya polepole. Mabamba ya alumini yatafanya jambo hilo hilo kwa ukuta mzima, tena mahali ambapo hamtaona kinachoendelea. Ondoeni saruji hiyo, badilisheni matofali yaliyokufa tu, na mjaze viungo kwa chokaa na mchanga. Chokaa hamtahangaika kuitafuta, wewe unakaa Likasi na mawe ya chokaa ya Kakontwe yako mlangoni kwako.

Barza msiiguse. Waliojenga mji huu tangu 1910 walijua jua la hapa, na walijua mvua inayoanza mwishoni mwa mwaka. Walitoa paa mbele ili ukuta usipigwe na mtu asilowe. Mpangaji wako anataka vioo upande wa magharibi. Saa tisa mchana duka lake litakuwa tanuri, ataweka mashine za kupoza hewa, na umeme unavyokatika unajua mwenyewe. Akiweka vioo vyake nyuma ya nguzo, ndani ya milango na madirisha yaliyopo, atapata mwanga na kivuli pamoja. Kibao cha jina lake kikae kwenye ule ukanda ulio juu ya milango, na skrubu zishike kwenye viungo vya chokaa, si kwenye tofali, ili siku akihama kibao kiondoke bila kuacha matundu. Zile fremu za chuma za madirisha nazo ni nzima. Zinahitaji kukwanguliwa kutu na kupakwa rangi, basi.

Ndugu yako mkubwa, unaniandikia, anasema kwamba nyumba hizi ni za wakoloni na hazistahili machozi yetu. Ninaelewa uchungu wake. Mtaa huo ulitengwa kwa ajili ya Wazungu, na kati yake na Kamalondo, walikowekwa wazee wetu, iliachwa ardhi tupu ili watu wasichanganyike. Lakini ni nani aliyechanganya udongo, akachoma matofali, akayapanga mstari kwa mstari hata leo ukiweka uzi hayapindi? Ni hao hao wazee wa Kamalondo, ambao jioni walilazimika kuondoka. Sioni heshima tunayowapa tukificha kazi ya mikono yao nyuma ya alumini. Mwambie hivyo kwa upole, kwa niaba yangu.

Paa lisisubiri kibali, kwa maana kurekebisha mabati yanayovuja kwa mabati ya namna ile ile hakubadilishi sura ya nyumba, na kiangazi kinakwisha. Kabla ya kupanda juu, wajulisheni watu wa komuni kwa barua fupi, ili asije mtu akasimamisha mafundi. Pesa ya mpangaji msiipokee sasa. Andikeni katika mkataba kwamba kazi za mbele zitafuata mchoro utakaokubaliwa na ofisi, na kwamba akizidisha, atarudisha kwa gharama zake.

Nitumie nakala ya cheti cha usajili na vipimo vya kila mlango wa mbele, urefu na upana. Michoro nitaichora mimi, na siku ya kuipeleka tutakwenda pamoja, wewe na mimi na huyo ndugu yako mkubwa akikubali. Mnisalimie Mama Mapasa na watoto wote.

Ni mimi rafiki yako