Risala kwa Mgeni wa Heshima Siku ya Maonyesho: Ombi la Banda la Kupimia Moshi wa Turbini

Mheshimiwa mgeni wa heshima, Mwenyekiti wa Bodi, Mkuu wa chuo, wakufunzi wetu, wazazi, majirani zetu wa Mukuru na wa Barabara ya Lunga Lunga, wanakikundi wenzangu, mabibi na mabwana. Itifaki imezingatiwa.

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kukufikisha hapa Eneo la Viwanda salama, licha ya mvua ya alfajiri na foleni ya magari ambayo sote tumeiona. Tumeambiwa kwamba uliahirisha mkutano mwingine ili uwe nasi. Mheshimiwa, hilo ni jambo kubwa kwetu. Si kila mwaka mgeni tuliyemwalika anafika mwenyewe, akaketi, akasikiliza risala mpaka mwisho. Karibu sana. Jisikie uko nyumbani kwa watoto wako.

Kikundi chetu kilianza mwaka 2016 na wanafunzi wanane wa uhandisi wa mitambo pamoja na mafundi watatu wa juakali waliokubali kutufundisha kuchomelea bila malipo. Tulianza chini ya mti ulio nyuma ya karakana. Leo tuko wanachama 41, tuna cheti cha usajili, akaunti ya benki na kontena moja la futi 20 ambalo ndilo ofisi, stoo na darasa letu.

Kwa muda huo mfupi kikundi kimepata mafanikio makubwa ya kujivunia. Tumeunda turbini ya gesi inayofanya kazi, yaani injini inayochoma gesi na kuzungushwa na moshi wake wa moto, na moyo wake ni turbo ya lori iliyonunuliwa Barabara ya Kirinyaga, pale Grogan, kwa pesa tulizochanga wenyewe. Imewahi kuzunguka kwa dakika 11 mfululizo bila kuzimika. Kwenye maonyesho ya vyuo tulishika nafasi ya pili, na wengi waliohudhuria walikiri kwamba tulistahili ya kwanza. Wenzetu sita wameajiriwa viwandani kwa ujuzi walioupata humu. Tumepokea wageni kutoka kaunti nne. Tumepanda miti 200 kando ya ukuta, na mingi imeshika.

Mheshimiwa, baada ya hayo, turuhusu tuingie kwenye jambo lililotufanya tukuandikie barua mara mbili.

Watu hutuuliza: nchi hii inapata sehemu kubwa ya stima yake kwa mvuke wa ardhini, maji na upepo, turbini ya gesi ni ya nini? Ni swali la haki. Jibu letu ni kwamba kiwanda hakihitaji stima peke yake. Kinahitaji joto: la kukausha majani ya chai, la kuchemshia maziwa, la kupiga rangi vitambaa. Tembea barabara hizi zinazotuzunguka utaona mabomba ya boila zinazochoma mafuta mazito na kuni. Turbini ndogo inazalisha stima, na moshi wake wa moto unatumika kuchemsha maji ya kiwanda hicho hicho. Gesi ya kuiendesha nayo ipo: inatoka kwenye taka za Dandora, kwenye mabwawa ya majitaka ya Ruai, kwenye kinyesi na damu za machinjio ya Dagoretti. Inapanda angani kila siku bure, nayo ni methani, inayoliongezea joto anga kuliko kaboni dayoksaidi ya uzito huo huo. Turbini zenyewe si ngeni nchini. Zilisimama Kipevu, zikasimama Embakasi, ziko Muhoroni. Zote zimekuja kwa meli zikiwa tayari.

Sasa kuna ugumu mmoja, na ndio kiini cha risala hii.

Hewa tunayovuta, karibu asilimia 78 ni nitrojeni. Kwa kawaida haina neno na mtu. Lakini mwali ukipita nyuzi 1,500 hivi za Selsiasi, nitrojeni huanza kushikana na oksijeni, na kila joto linapoongezeka kidogo kasi hiyo huongezeka sana. Zinazotoka hapo ni oksaidi za nitrojeni. Hukereketa mapafu, hasa ya watoto na ya wenye pumu, na zikipigwa na jua pamoja na mivuke ya petroli huzaa ozoni huku chini tunakopumua. Na mheshimiwa, hazionekani. Tumewahi kukinga kitambaa cheupe kwenye bomba la turbini yetu kikatoka kikiwa cheupe vilevile. Mzazi mmoja aliyekuwepo akasema, basi hii ni safi. Ilibidi tumweleze kwa heshima kwamba bado hatujui.

Dawa yake inajulikana. Unachanganya gesi na hewa nyingi kabla ya kuwasha, ili mwali usiwe mkali. Ukizidisha hewa, mwali unapoa mno, unaacha kaboni monoksaidi ambayo nayo inaua, au unaanza kuvuma mpaka bati linatetemeka, au unazimika kabisa. Njia ya katikati ni nyembamba, na huipati kwa jicho wala kwa sikio. Unaipata kwa kipimo.

Februari mwaka huu kiwanda kimoja cha jirani kilituazima kipimo chao cha moshi kwa saa tatu. Tunawashukuru mpaka leo. Tulikipokea saa nane mchana kikiwa kimefungwa kwa blanketi. Tukawasha turbini, tukaingiza bomba la kipimo kwenye moshi, tukasoma sehemu 68 za oksaidi za nitrojeni kwa milioni. Tukazima, tukangoja chuma kipoe, tukafungua chumba cha kuchomea. Fundi wetu mkongwe kuliko wote akatoboa matundu mengine 12 ya milimita 4 kwenye mkebe wa ndani, karibu na mahali gesi inapoingia. Tukafunga, tukawasha tena. Kwenye kidirisha cha kioo mwali ulikuwa umebadilika, ule wekundu wa nchani umekwisha, umebaki wa buluu tupu. Kipimo kikasoma 31. Watu walikumbatiana, mheshimiwa. Kisha mmoja wetu akabonyeza ukurasa wa pili, tukaona kaboni monoksaidi imepanda maradufu. Tulijua la kufanya: kupunguza matundu manne, kusogeza mengine mbele. Fundi alikuwa ameshashika drili. Lakini ilikuwa saa kumi na moja kasorobo, na dereva wa kile kiwanda alikuwa amesimama mlangoni akisubiri mali ya watu.

Tangu siku hiyo hatujapima tena. Matundu yako vilevile. Kazi ya mwaka mzima imesimama mahali ambapo kipimo kiliondoka.

Mheshimiwa mgeni wa heshima, hatuombi kitu ambacho serikali nyingine hazijafanya. Mwaka 1992 Wizara ya Nishati ya Marekani ilianzisha mpango wa turbini za kisasa na kugawana gharama na watengenezaji. Shabaha ilikuwa kushusha oksaidi za nitrojeni chini ya sehemu 10 kwa milioni, na turbini za viwandani zipande ufanisi kwa asilimia 15. Moja ya matunda yake ni Mercury 50 ya kampuni ya Solar Turbines, mashine ya megawati 4.6 hivi, saizi ya kiwanda kimoja. Majuzi, huko Saillat-sur-Vienne nchini Ufaransa, turbini ya kiwanda cha karatasi iliendeshwa kwa haidrojeni tupu mwaka 2023, na sehemu ya gharama ilitoka kwenye mfuko wa utafiti wa Umoja wa Ulaya. Kampuni zile zina fedha kuliko sisi, na bado umma ulizishika mkono kwenye hatua ya majaribio, kwa sababu hatua hiyo haina faida ya haraka na hakuna benki inayoikopesha.

Wala tusiende mbali. Mvuke wa ardhini wa Olkaria tunaojivunia haukutokea peke yake. Visima vya kwanza vya miaka ya 1950 havikutoa kitu cha maana. Fedha za umma na za Umoja wa Mataifa zikaendelea kuchimba, na mwaka 1981 mtambo wa kwanza wa megawati 15 ukawaka. Kama wazee wetu wangehesabu hasara ya visima vile viwili wakaacha, leo tungekuwa gizani.

Na wapo walioacha. Frank Whittle wa Uingereza, aliyekuwa na hataza, yaani haki rasmi ya uvumbuzi, ya injini ya turbini tangu 1930, alifikiwa na zamu ya kulipia ada mwaka 1935. Ada ilikuwa pauni 5. Hakuwa nazo, Wizara ya Anga ya nchi yake ikakataa kumlipia, na hataza ikaisha. Tunamtaja kwa sababu tunaijua hali hiyo: kuwa na kitu mkononi na kukwama kwa jambo dogo ambalo mwenye uwezo angelimaliza kwa siku moja.

Mheshimiwa, sasa tunaomba utuvumilie, maana hatusemi kwa kulaumu bali kwa kuweka kumbukumbu sawa. Miaka mitatu iliyopita, mgeni wetu wa wakati huo alisimama hapo ulipoketi, akasifu kazi, akatuahidi kipimo cha moshi kabla ya mwisho wa mwaka wa fedha. Tulipiga makofi, na picha yake iko kwenye ukuta wa kontena. Mwaka uliofuata tukaambiwa tujaze fomu. Tulijaza, tukapeleka nakala tatu, zikapigwa mhuri. Tuliporudi tukaambiwa afisa aliyezipokea amehamishwa, tujaze upya. Tulijaza upya. Mwaka jana mgeni mwingine alituhakikishia kwamba jambo letu liko mezani. Katibu aliyenitangulia alifunga safari ya katikati ya mji mara tisa kwa nauli yake, na daftari lenye tarehe tunalo. Wanachama wawili wazuri wametuacha kwa kukata tamaa, mmoja anaendesha bodaboda Pipeline. Hatumsemi vibaya, ana mtoto wa kulea. Lakini yeye ndiye aliyechora kile chumba cha kuchomea.

Tunajua pia kwamba Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya mwaka 2013 inataka asilimia 2 ya pato la taifa iende kwenye utafiti kila mwaka. Tunajua kiwango hicho hakijafikiwa, na tunajua wewe mheshimiwa si uliyeiandika bajeti. Septemba 2023, hapa hapa Nairobi, kwenye KICC, viongozi wa Afrika walizungumzia nishati safi mbele ya dunia nzima, na nchi yetu ikazindua mkakati wa haidrojeni. Sisi tulifuatilia kwenye simu ndani ya kontena. Tulisema, hawa wanatuzungumzia sisi.

Kwa hiyo ombi letu ni moja. Tunaomba banda la majaribio lenye kipimo chake cha moshi. Gharama tumeipiga kwa uangalifu: kipimo cha oksaidi za nitrojeni, kaboni monoksaidi na oksijeni, shilingi 1,950,000, banda lenyewe, kuta nene za kuzuia kelele na bomba refu la moshi, shilingi 1,400,000, vyuma vya kupimia joto, mgandamizo na mtiririko wa gesi, pamoja na vizima moto, shilingi 500,000. Jumla ni shilingi 3,850,000. Kati ya hizo, sisi tumekwisha kuchanga 212,000, na risiti zimo kwenye faili. Mafundi watajenga bila malipo. Mkuu wa chuo ametupa kiwanja, na barua yake imeambatishwa.

Kelele nayo tuiseme. Kwa sasa tunawashia nje, na ng'ambo ya ukuta kuna zahanati ya kina mama. Tumekubaliana na mhudumu wao kwamba hatuwashi kabla ya saa tisa alasiri, na tukiwasha haizidi dakika nne. Ni watu wema. Haifai sisi tunaotafuta turbini isiyodhuru mapafu tuwe tunawaamsha watoto wao wachanga.

Mheshimiwa, kama fedha zote haziwezi kupatikana mwaka huu, tunaomba kipimo kwanza. Banda tunaweza kulianza kwa mabati. Na kama kipimo nacho hakiwezekani, tunaomba utuambie leo, hapa, kwa uwazi. Tutakuheshimu vilevile, na tutajua pa kuelekea. Kilichotuumiza zaidi miaka hii si kunyimwa, ni kungoja.

Ndani ya faili utakalokabidhiwa kuna ukurasa mmoja wa njano. Juu yake tumeandika ombi kwa mistari mitatu, na chini tumeacha nafasi ya jina la afisa atakayeshughulikia, simu ya ofisi yake, na tarehe. Tunakuomba kwa unyenyekevu mkubwa ukurasa huo usitoke hapa ukiwa mtupu.

Sasa ni saa tisa na dakika tano. Turbini imeandaliwa, gesi imeunganishwa, na fundi wetu anakusubiri na kinga za masikio. Tafadhali tusogee pamoja ukaitazame ikiwaka, halafu turudi mezani.

Naomba kuwasilisha.

Katibu wa kikundi, kwa niaba ya wanachama wote